Mbaazi za Mlango wa Nyuma

Timbwani, Likoni

Mjukuu wangu Mwanaisha,

Shikamoo yako imefika, marahaba mama. Huku hatujambo, alhamdulillahi. Babu yako bado agombana na kuku wa jirani, na dadako amejifungua mtoto wa kike.

Waniuliza kama ufunge virago, kwa kuwa kambi ya watalii mnayofanyia kazi huko Mara haipati wageni tangu mto ulipofurika.

Ujanani nilipika katika hoteli moja ya Diani. Baada ya fujo za huku kwetu, Wazungu walikoma kuja. Dhiki zake tuziwache. Siku moja likatufikia basi la walimu kutoka Kakamega. Asubuhi tukawaandalia tosti na maharagwe ya mkebe, kwani ndivyo tulivyofunzwa kuwapa wageni. Sahani zikarudi vile vile.

Mwalimu mmoja, mama wa kucheka sana, akaja jikoni kwa mlango wa nyuma. Akatukuta wapishi twala mahamri na mbaazi za nazi.

"Kumbe chakula kitamu mnaficha huku!" akasema, akavuta kigoda akaketi nasi.

Kesho yake tulipika mbaazi sufuria kubwa, wakala wote. Likizo iliyofuata wakarudi na jamaa zao, na hoteli haikufungwa. Wazungu waliporejea wakazikuta mbaazi mezani, wakazipenda, wallahi.

Basi kabla hujafunga virago, hebu niambie: nyinyi wafanyakazi, huko nyuma jikoni, mwala nini?

Nakuombea kila la heri,
Bibi yako, Mwanakombo