Kitundu cha Chini

Mjukuu wangu Rehema,

Huku tu wazima. Babu yako kapata meno ya bandia, sasa anacheka hovyo.

Umeuliza kwa nini kasha la betri la gari lako la umeme lina kitundu, ilhali limekingwa na maji na vumbi. Mie nililijua hilo Kiwalani, miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nikiwa binti mwenye haya. Teksi ya baba, iliyotulisha, ilikuwa ikizimika kila masika. Fundi alikizungushia kisanduku cha umeme cha teksi nailoni na mpira wa tairi, kumbe jasho la mvuke likabaki ndani. Nikanong'ona, "Baba, kitabu cha magari cha Kiingereza kinasema kiachiwe kitundu kwa chini, unyevu utoke."

"Tumekwisha! Mwanafunzi anafundisha fundi!" fundi akadhihaki.

"Toboa," baba akamwambia.

Masika yote teksi haikuzimika. Baba akawaelekeza madereva wenzake, "Kamuulizeni binti yangu." Nakiri, nilijificha jikoni, nikitabasamu hadi wali ukaungua.

Bibi yako, anayekuombea.