Kuku wa Mama Mkwe

Kakamega, Agosti 1996

Mpendwa Nekesa,

Salamu nyingi. Shangazi yako amejifungua salama, Mungu ashukuriwe. Mimi nguvu zinaniisha.

Unauliza kama utakuwa tasa, kwa kuwa hujaona siku zako tangu uingie kambi ya mazoezi ya wakimbiaji huko milimani. Zangu pia zilikatika nilipoolewa, nikipalilia mahindi ya mzungu huko Likuyani kutwa nzima kwa kikombe cha uji. Nikawaambia majirani kuwa mama mkwe amenifunga tumbo.

Alisikia. Akaninyang'anya jembe, akanichinjia kuku, ingawa wanawake wa kwetu walikatazwa kumla.

"Mchawi amekupikia," akasema akicheka. "Kula, mwanangu. Mifupa haizai!"

Baada ya miezi mitatu ya chakula na mapumziko siku zilirudi, kisha nikamzaa baba yako. Niliposomea uuguzi ndipo nilipoelewa kwamba mwili uliochoka wenye njaa hupunguza homoni za uzazi. Mwone daktari, ule vizuri, upumzike.

Mama huyo nilimshukuru kila siku, lakini sikuyakanusha maneno yangu, akazikwa akiitwa mchawi. Ukija Krismasi, unishike mkono kanisani, nisimame niwaambie watu ni nani aliyenipa watoto.

Nyanya yako