Bomba Uliloligonga, Mama

Mama mpendwa,

Ungekuwa hai, barua hii ungeigeuza kwanza mbele na nyuma uone kama kuna kitu nimekificha. Safari hii ungekuwa umeshuku vema. Kipo, na nitakisema, lakini niache nianze mahali ninapoweza kuanzia.

Naikumbuka meza yako ya sufuria pale sokoni Butembo. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu Kambale sita, tumekaa chini yake juu ya gunia. Mafundi wa kuyeyusha aluminiamu walikuletea mzigo asubuhi, na hukumwamini hata mmoja wao. Uliinua sufuria kwa kidole kimoja, ukaiacha ining'inie, ukaigonga kwa kifundo cha mkono mwingine. "Sufuria muzuri inaita," ulituambia. "Ya kuchanganya inakohoa. Musikilize, batoto." Ikikohoa ulimrudishia mwenyewe. Shemasi wa kanisa letu ulimrudishia tatu kwa siku moja, na Jumapili mkaimba wote katika kwaya kana kwamba hakuna lililotokea.

Ulimshuku kila mtu, mama. Muuza chumvi, mwenye nyumba, daktari, hata mchumba wangu ambaye leo ni mama wa watoto wangu. Ulisema anacheka upesi mno. "Kikulacho ki nguoni mwako," ulipenda kusema, kisha unakikung'uta kitenge chako kama mtu anayetazamia kuona kitu kikianguka. Tulikucheka, lakini nilikua hivyo hivyo. Mteja akiisifu kazi yangu najiuliza anataka nini. Kambale peke yake hakurithi. Yeye aliwaamini watu, na wewe uliuita huo uvivu.

Unalikumbuka gari la yule mfanyabiashara wa viazi wa Luofu, ile pick-up ya turbo? Sikuwahi kukueleza kazi yenyewe, na kila kitu kimo humo. Turbo inasukuma upepo kwenda ndani ya moteri. Upepo ukisukumwa unapata moto, na upepo wa moto hauna nguvu, kwa hiyo unapitishwa kwanza kwenye kipoza-hewa kilichokaa mbele ya gari. Bomba la kuubeba upepo huo lilikuwa limeoza. Kazi yangu ilikuwa kuchagua lingine: la kitu gani, na la upana gani.

Bomba la chuma la maji, ambalo wengi wanaliweka, nililikataa. Linashika kutu ndani, na magamba yake yanaingia kwenye moteri. La plastiki linalegea kwa joto. Inox, chuma kisichoshika kutu, ni imara lakini ni nzito, tena inakawia kuliachia joto. Nikachagua aluminiamu, na mpaka hapo nilikuwa fundi mwenye akili. Kambale alikuwa akienda Kasindi kutuletea vipuri, nikamwandikia upana kwenye karatasi: milimita sabini na tano. La zamani lilikuwa la hamsini. Mimi nilikuwa nimeona kwenye simu magari ya mashindano yenye mabomba manene kama paja, na nilitaka Butembo nzima iseme ni mimi, Paluku, niliyelifanya gari la Luofu lipae.

Kambale aliisoma karatasi.

"Yaya," alisema, kama anavyoniita mimi kaka yake, "moteri iko kidogo. Tiyo, ile bomba, ikikuwa munene hivi, upepo itachelewa kuijaza. Utakanyaga, gari itawaza kwanza. Na mupira ya kuunga, ya kutoka sabini na tano kuingia hamsini, itashika namna gani?"

"Nani alikufundisha?"

"Hapana mutu. Ninaona tu. Tuweke sawa na ile ya zamani."

Alisema kweli kwa kila neno. Lakini mimi sikuyasikiliza maneno, nilitafuta kilichojificha nyuma yake. Nilijiambia: huyu ana rafiki Kasindi, na rafiki ana mabomba ya hamsini yaliyomlalia dukani, wamekwisha kupatana. Nikamwambia alete nilichoandika. Akakileta: aluminiamu nyoofu, nyepesi, isiyo na hata mkwaruzo.

Nikalifunga. Mteja alikuwa amenisimamia, kila mara anatazama saa, kwa hiyo sikuutengenezea mdomo wa bomba ukingo, ule uvimbe mdogo unaouzuia mpira usiteleze. Nilikaza klipu kwa nguvu zangu zote nikasema itatosha.

Siku ya tatu, gari likiwa limejaa viazi na linapanda mlima, mpira uliteleza ukatoka. Moteri ikaishiwa nguvu, moshi mweusi ukafumka, gari likarudi kinyumenyume na kulala mtaroni. Dereva, Muhindo, alivunjika mguu mahali pawili. Hata leo anatembea na fimbo.

Nilikwenda mwenyewe kulifungua bomba. Lilikuwa zima, bila ufa. Mpira wa upande mmoja ulikuwa umechomoka, wa upande wa pili ulikuwa bado umekazwa. Nilijua palepale, hata kabla sijasimama wima, kwamba kosa ni langu.

Mchana wake watu wa Muhindo walikuja nyumbani kwako, pamoja na mteja na wazee wa kanisa. Waliuliza nani amefanya haya. Nilijibu kwamba bomba limetoka Kasindi na aliyelileta ni Kambale, na hilo lilikuwa kweli. Kisha nikaongeza kwamba huenda aluminiamu yake ni ya kuchanganya.

"Mumupatie mama," Kambale akasema. "Mama anayua."

Alikuamini hivyo, mama. Nikakuletea. Ulilining'iniza kwa kidole, ukaligonga, likakohoa. Ukaligonga tena, likakohoa tena. Hukumtazama Kambale hata kidogo. Ulinigeukia mimi ukasema, "Wasingya," ukinishukuru kama mtu niliyemwokoa.

Mpira ulikuwa bado umekazwa kwenye mdomo wa bomba, mama. Macho yako yalikuwa yameshaingia ukungu, hukuuona, na wazee hawakujua maana yake. Lakini wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba hata sufuria bora, ukiishika kwa kitambaa, haiiti. Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Kambale aliuona mpira, kisha akanitazama usoni, akangoja. Nikatazama chini.

Tangu siku ile hukula alicholeta. Gunia lake la maharagwe ulilirudisha na kamba yake haijafunguliwa. Akahamia Beni na mkewe, kule Bungulu, anatengeneza pikipiki. Ulipougua alikuja, ukauliza ni nani ameingia, ukaambiwa, ukageukia ukuta. "Muangalie mikono yake," ulinong'ona, na nadhani alisikia. Siku ya kukuzika aliketi na majirani. Mimi niliketi mbele, nikashikwa mkono na kila mtu, na nilijichukia.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka minne.

Sasa tunajiandaa kutoa matanga yako, na nilipanga kuungama siku hiyo mbele ya ukoo wote. Kisha nikajishuku, maana ndivyo ulivyonilea. Mbele ya umati, shangazi wakilia, pastere akishika Biblia, Kambale angefanya nini zaidi ya kunikumbatia? Nilikuwa natafuta kumnyang'anya msamaha kama nilivyomnyang'anya jina lake. Kwa hiyo juma lililopita nilikwenda Beni peke yangu. Nilimkuta mbele ya nyumba yake anafungua gurudumu, nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

"Niliona mupira, yaya," alisema, bila kuacha kazi. "Siku ileile. Niliwaza utautoa."

"Mbona hukusema?"

"Nani angenisadiki? Mama alikuwa ameshasikia na masikio yake."

Nilimwomba msamaha. Nikamwambia niko tayari kutangaza popote anapotaka, kanisani, sokoni, kwa akina Muhindo.

"Kwa Muhindo utaenda, ile ni lazima. Lakini mimi niliyua, na wewe uliyua. Ni mama tu alienda bila kuyua. Ambia yeye."

"Kambale, mama amekufa."

"Ndiyo," alisema, akarudi kwenye gurudumu lake.

Kwa Muhindo nimekwishakwenda. Hakunikaribisha kiti, na sikumlaumu. Umebaki wewe. Nitaisoma barua hii kaburini kwako. Nimempelekea Kambale habari, hajajibu, na sitamsukuma.

Sijui kama unasikia. Nashuku kwamba husikii, na nashuku kwamba ndiyo sababu nimepata ujasiri. Lakini nasema, mama, kwa sauti. Bomba la Kambale lilikuwa safi. Mikono yake ilikuwa safi. Katika mji huu mzima ulimwamini mtu mmoja tu.

Pumzika, mama.

Ni mimi, huyo mmoja,
mwanao wa kwanza.