Aliyemwosha Shamsa

Dar es Salaam
14 Januari 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila macho yananiuma kwa kusoma mafaili na usingizi wangu siku hizi ni wa kuibia. Vipi mguu? Ile dawa ya kuchua niliyoipitisha kwa Iddi wa basi imekufikia, au kajipaka mwenyewe?

Mama, kuna jambo. Mahakama imenipangia kumtetea mtu asiye na uwezo wa kujiwekea wakili, na nilipoona jina nilitaka kulirudisha faili pale pale. Ni Shamte, yule mvuvi wa Kilwa aliyekuwa dago, kambi ya wavuvi, huko Bweni, anayeshtakiwa kumuua Shamsa, mke wa kaka Hilal. Niliwaambia kwamba mume wa marehemu ni ndugu yangu. Wakasema mawakili ni wachache, mshtakiwa mwenyewe akiridhia basi. Shamte karidhia. Alisema, "Angalau wewe Bweni unapajua."

Yuko rumande tangu mwaka juzi. Kakonda mpaka shingo imekuwa ndefu, na kuhusu kesi hakuniuliza chochote. Aliuliza kama mama yake ameambiwa mwanawe yuko wapi. Akipatikana na hatia atanyongwa, sheria haina adhabu nyingine.

Najua Hilal ni mtoto wa marehemu mama mkubwa na wewe ndiye uliyemlea. Tumekula naye sahani moja. Ndiyo maana nakuuliza wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Siku ile ilikuwaje? Mimi nilikuwa huku, nilisikia msiba tu. Simu sikupigii, maana utasema mambo ya watu hayasemwi hewani.

Mwanao,
Fahima


Bweni
27 Januari 2024

Mwanangu Fahima,

Marahaba. Dawa imefika na uvimbe umepungua, lakini goti ni lile lile. Kuhusu usingizi, nilikwambia usomee ualimu, ukasema walimu wanachoka. Haya.

Barua yako imenichosha. Nchi nzima hii hakuna wakili mwingine? Lakini umeniuliza, nami nakujibu mara moja tu.

Alfajiri ile, giza halijatoka vizuri, nilisikia ukelele kwa Hilal. Nilipofika, yule mvuvi keshamfikisha Shamsa ukumbini, shati lake lina damu, na Hilal kamfunika mkewe shuka gubigubi. Mvuvi anasema kamkuta kisimani, kule kwenye shamba la minazi, kapasuka kichwa. Watu wakamuuliza, wewe kisimani saa hizi unatafuta nini? Akasema kuchota maji ya dago. Wakamfunga kamba. Hilal akasema mkewe alitoka na ndoo baada ya sala ya alfajiri na hakurudi.

Tabibu wa zahanati alikuja, akatazama ule mpasuko wa kichwa. Alipotaka kumfunua zaidi Hilal akakataa, mke wake hafunuliwi na mwanamume, nami nikamuunga mkono. Tukamwosha mimi na marehemu Zulfa, Mungu amrehemu, akazikwa kabla ya adhuhuri. Polisi wa Kilindoni walipofika, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini.

Niliwaambia nilichowaambia wote waliokuwa msibani: mwili ulikuwa laini kabisa, kama kalala, na uso una nuru. Hilal mpaka leo hajaoa. Kila Ijumaa anakuja kula kwangu na kunipasulia kuni. Mwache mwenzio apumue.

Mama yako


Kilindoni
19 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Natumai umeamka salama na homa ya majirani haijakufikia. Mimi niko Kilindoni, nimepanga chumba nyuma ya soko, feni inazunguka lakini upepo hautoki. Sikuja Bweni kwa sababu najua nikija utanipikia, nitakula, na nitashindwa kukuuliza.

Nimelisoma faili lote. Kesi nzima imesimama juu ya saa, mama. Usiku ule Shamte na wenzake walikuwa kisiwa cha Shungimbili, na hata upande wa mashtaka hawabishi. Chombo chao kilifika Bweni karibu na alfajiri. Kwa hiyo wanasema aliua alfajiri hiyo hiyo, Shamsa alipokwenda kuteka maji. Na wanajuaje kwamba alikufa alfajiri? Kwa maneno ya Hilal na kwa maneno yako. Umeandikwa jina lako kamili, Kijakazi, mwosha maiti wa Bweni: mwili ulikuwa laini. Mwili laini, maana yake mtu kafa muda si mrefu.

Shamte anasema vingine. Jana nilimwambia anieleze tena pole pole. Akasema, "Nilipomwinua alikuwa mgumu. Magoti kakunja, mikono iko hapa kifuani, haishuki. Nilimbeba kama unavyobeba kiti." Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia polisi. Akasema aliwaambia, wakamwonyesha maelezo ya mama mtu mzima aliyemwosha, wakacheka.

Maiti hawi mgumu vile ila kwa kupita saa nyingi. Kama Shamte anasema kweli, Shamsa alikufa mapema usiku. Usiku ule Shamte yuko kisiwa kingine na Shamsa yuko nyumbani kwake.

Mmoja kati yenu hasemi kweli. Nakuuliza kwa adabu zote, mama. Shamsa alikuwa laini?

Mwanao,
Fahima


Kilindoni
11 Machi 2024

Mama,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Sijui hali yako maana hujanijibu. Iddi ameapa kwamba barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama mlangoni, ukaingia ndani bila kumwambia karibu maji. Huyo si wewe.

Kesi imepangwa kusikilizwa tarehe ishirini na mbili Aprili. Mama yake Shamte kaja kutoka Kilwa. Anakaa kwenye benchi la mahakama kila siku hata siku ambazo hakuna shauri, kwa sababu hajui kwingine pa kukaa. Jana aliniuliza kama mimi nina mama. Nikasema ndiyo, yupo Bweni. Akasema, "Msalimie sana." Kwa hiyo nakusalimia.

Nimechoka, mama. Nijibu hata kama ni kunitukana.

Fahima wako


Bweni
28 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimefunga zote mpaka leo, namshukuru Mungu, ila nguvu hakuna. Naandika baada ya futari kidogo kidogo, nikichoka naacha.

Alikuwa mgumu.

Magoti yalikuwa yamekunjika kama huyo mtu wako anavyosema. Tulimmwagia maji ya uvuguvugu, tukamchua, mimi nasoma, Zulfa analia, na mkono wa kulia haukushuka mpaka tulipoulazimisha. Nimeosha wanawake wa mji huu tangu wewe hujazaliwa, na najua watu wanasemaje maiti akiwa vile. Wanasema huyo kafa na jambo lake. Wanasema ardhi haimtaki. Wanakaa matangani wanakula ubwabwa wa marehemu na kumhesabia madhambi.

Bibi yangu aliponifundisha kazi hii aliniapisha kwanza. Ukiona zuri kwa maiti, toka ulitaje. Ukiona baya, ulifukie naye. Sasa mama yake Shamsa alikuwa kakaa nje ya mlango, kajishika kichwa. Nilipotoka akaniuliza, "Mwanangu yukoje?" Ningemjibu nini, Fahima? Nikamwambia laini, kama kalala, uso una nuru. Akashusha pumzi. Polisi walipokuja kuniuliza yule mama alikuwa kanishika mkono. Nikasema yale yale.

Hata leo sioni kwamba nilisema uongo. Nilimsitiri. Mambo ya saa sikuyajua, na hakuna aliyeniambia kwamba kuna mtu atanyongwa kwa neno lile.

Lakini tangu barua yako ile sijalala. Hilal alisema mkewe alitoka na ndoo alfajiri. Kama alikuwa mgumu alfajiri hiyo hiyo, basi hakutoka na ndoo. Nimeligeuza kila upande na kila upande nakuta Hilal. Nilimpokea hajaanza kusema, Fahima. Alianza kusema kwangu, na neno la kwanza lilikuwa mama.

Hilo siliwezi. Nimekwambia wewe kwa sababu wewe ni mwanangu. Mahakamani usiniite.

Mama yako


Kilindoni
5 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi mno, na swaumu yangu ya siku ile ilikuwa ya kulia.

Sikuiti. Ningeweza kuomba uletewe hati ya kuitwa shahidi, na askari angekuja nayo mpaka mlangoni kwako, watu wote wakitazama. Sitafanya hivyo. Ila katika kesi yenyewe nimejitoa. Siwezi kusimama mbele ya jaji nikijua ninachokijua, na wala siwezi kukuhoji mama yangu. Nimemwachia mwenzangu Luqmani, ni kijana makini. Nimemwambia kitu kimoja tu, kwamba yule mwosha akija mwenyewe, ampokee vizuri.

Lakini nisikilize jambo moja, na hili nalisema kama mwanao. Ule ugumu haukuwa dhambi. Kila maiti anaupitia, mtoto mchanga anaupitia, mcha Mungu anaupitia, kisha unaondoka wenyewe. Wewe unawaosha mapema, kabla haujaja, au unaletewa ambao umeshawatoka, ndiyo maana ukiuona unashtuka. Ulimsitiri Shamsa kwa kitu ambacho hakikuwa aibu yake. Aliyesitirika ni mwingine.

Nina hasira na wewe. Nakupenda na nina hasira, vyote viwili, na nimechoka kuvibeba. Idi sitakuja.

Fahima


Bweni
26 Mei 2024

Mwanangu Fahima,

Idi imepita bila wewe. Nilipika pilau, nikala peke yangu, lililobaki nikagawa. Mimi mzima, na nakuombea uwe mzima huko uliko.

Matokeo unayo kwa Luqmani, siyarudii. Shamte kaachiwa, kaondoka na mama yake. Hilal kachukuliwa wiki iliyofuata na kawaeleza polisi mwenyewe: Shamsa alitaka kurudi kwao, wakagombana baada ya isha, akampiga kwa mchi, akamficha ndani, na karibu na alfajiri akampeleka kisimani. Jiko lile lenye mchi ndilo nililopikia matanga. Nakuandikia yale ambayo Luqmani hakuyaona.

Sikumwambia mtu kwamba naenda. Nilipanda pikipiki, barabara ile unaijua, nilifika Kilindoni mifupa inalia. Mlangoni mwa mahakama wa kwanza kuniona ni Hilal. Akaja mbio, "Shikamoo mama, umekuja!" Akanishika mkono, akanitafutia nafasi kwenye benchi, akawasogeza watu. Akatoka kuninunulia maji, nami nikamwomba karani amwambie Luqmani kwamba mwosha amefika. Hilal alidhani nimekuja kwa ajili yake. Nilikaa karibu naye na chupa yake ya maji mkononi mpaka Luqmani alipoita jina langu.

Nilisema. Mwendesha mashtaka akaniuliza, "Bibi, ulisema uongo siku ile au leo?" Nikasema siku ile. Watu wakaguna. Akaniuliza kwa nini waniamini leo. Nikamwambia siku ile nilikuwa nampoza mama wa marehemu, leo sina ninayempoza. Nilipopita karibu na Hilal alisimama kunipisha, kama nilivyomfundisha.

Niliporudi, mama yake Shamsa alikuja usiku wa pili. Hakukaa. Aliniuliza, "Kwa hiyo alikuwa mgumu?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama mwanawe aliteseka. Mdomo wangu ulitaka kumwambia hapana, neno lilishafika ulimini. Nikamwambia sijui. Akalia, nikalia, kisha akaondoka bila kuaga. Wajukuu, wale watoto wa Shamsa na Hilal, anao yeye sasa.

Juma lililopita mke wa Mzee Abdulswamadu, jirani yangu wa ukuta, alifariki. Nilisikia kilio, nikatayarisha sabuni na karafuu maiti, nikavaa, nikakaa kungoja kuitwa. Wakamleta mwanamke wa kijiji kingine amwoshe. Siwalaumu. Nani atanikabidhi mtu wake na mimi nimesimama mbele za watu nikasema nilichokiona kwa maiti? Nilikwenda nikakaa na wanawake wengine nyuma, wakanisogezea mkeka, hakuna aliyezungumza nami. Imeniuma, Fahima. Imeniuma kuliko goti.

Sina hasira na wewe, wala usinitumie maneno ya kunipoza. Njoo tu. Nataka nikufundishe kuosha kabla sijachoka zaidi ya hivi, maana siku yangu ikifika hapa hakuna atakayeingia chumbani kwa moyo safi. Uje unioshe wewe. Na wakikuuliza mlangoni nilikuwaje, usiwaambie nilikuwa kama nimelala. Waambie nilivyokuwa.

Mama yako