Saksafoni ya Kubembeleza

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Hatujambo. Mjukuu wako ameota jino la pili, na ananing'ata kama ana kisasi na mimi.

Ulisema baba yake akikosa nafasi kwenye bendi, nifunge vyangu nirudi kwako. Jana mchana walimjaribu, nami nilikuwepo, mtoto mgongoni. Wawili waliomtangulia waliupiga kwa saksafoni wimbo wa mapenzi wa polepole waliopewa wote, kwa mbwembwe, mashavu yamewavimba. Yeye akatoa sauti chache tu, za chini, akinyamaza katikati kama mtu anayesikiliza mwenzake akipumua. Nikamtambua. Ndivyo anavyofanya mazoezi chumbani mtoto akilala.

Kiongozi wa bendi akauliza, "We bwana, nani kakufundisha kubembeleza mpenzi hivyo?"

"Mpenzi gani, mzee? Nambembeleza mtoto asiamke."

Walicheka mpaka mpiga ngoma akaangusha vijiti. Kisha mzee akasema, "Kesho uje na viatu vyeusi kama wenzako."

Basi shangazi, kile chumba ulichonifagilia mpe mwingine. Viatu vya baba mtoto ni vya kahawia, nami nakuandikia mikono imejaa rangi nyeusi.

Ni mimi mwanao,
Mama Mtoto