Aliyezima Ndiye Atakayewasha

Mpendwa Baba,

Salamu zikufikie huko ulikolala, ng'ambo ya mpaka, katika shamba la watu wasiojua hata jina lako. Nimetoka Koboko juzi. Nilikwenda kufukua injini yako, na nimerudi bila kuifukua. Nataka uyasikie kwangu mimi mwenyewe.

Unaikumbuka mashine yetu ya kusaga nyuma ya soko? Wanawake walipofika na mihogo na mtama, ilikuwa imeshaanza kunguruma. Ikikohoa tu, ulizima, ukachomoa hendeli ya kuwashia na kuitia mfukoni mwa ovaroli, hata kama kazi ni kukaza boliti moja. Siku moja mteja mwenye haraka zake alikuomba hendeli akusaidie kuwasha, na mkono wako bado uko kwenye mkanda wa mashine. Ulimtazama kana kwamba amekuomba mke.

"Mutu mwenye alizima, yeye ndio atawasha," ukamwambia. "Mimi iko na mikono mbili tu."

Watu walicheka sana. Wewe hukucheka.

Mashangazi walinung'unika kwamba unanifundisha kazi ya wanaume, nitanuka grisi na sitaolewa. Nimeolewa, Baba, na bado nanuka grisi. Ulinipa kijiti, ncha moja kwenye injini, nyingine sikioni, ukaniuliza nasikia nini. "Anza na mafuta, halafu hewa," ulisema. "Chuma utalaumu mwisho."

Kisha ukaja mwaka wa 1979. Vita vikakaribia, na Koboko nzima ikafunga mizigo kwenda Zaire. Injini haikubebeka. Uliipaka grisi mpaka kwenye mianya, ukaiviringisha shuka jeupe kama maiti, tukaisukuma juu ya magogo wewe, mimi na Mama, tukaishusha kwenye kaburi ulilolichimba nyuma ya nyumba. Majirani uliwaambia amefariki shangazi yako wa Ludara. Mama alitakiwa alie kidogo tu waamini. Alilia mpaka ukamwomba anyamaze, na sidhani alikuwa analilia injini. Hendeli ukaichukua wewe.

"Nikirudi, mimi ndio nitafukua," ukasema.

Hukurudi. Homa ilikuchukua ukimbizini, tukakuzika haraka haraka. Hatukuwa na kitu cha kuweka alama, kwa hiyo Mama alisimika hendeli yako kichwani pako. Baadaye sisi tulihamishwa. Nilipotuma mtu kuulizia, aliambiwa shamba lile limelimwa lote, na hakuna anayejua kaburi lako lilipo.

Amani iliporudi Mama alirudi Koboko, lakini mimi mkondo wa ukimbizi ulinifikisha Ulaya. Nilisomea umeme, na sasa natengeneza roboti katika kiwanda cha magari. Usifikirie watu wa bati, Baba. Ni mikono mirefu ya chuma inayochomelea milango ya magari, inajikunja begani, kwenye kiwiko na kwenye kifundo. Mkono ukigoma, kioo cha mitambo huandika kwamba mota imekufa. Sikiamini upesi. Naanza na umeme, halafu nyaya, na mara nyingi nakuta waya mmoja umechoka kupindwa pale kwenye kifundo. Chuma nalaumu mwisho.

Kabla fundi hajaingia kwenye uzio wa roboti, huzima swichi kubwa na kuifunga kwa kufuli lake mwenyewe. Ufunguo ni mmoja, na unakaa mfukoni mwake. Hata akisahau na kwenda nyumbani, huitwa yeye arudi kufungua. Siku waliyotufundisha kanuni hiyo nilitoka nje nikalia. Wenzangu walidhani nimeiogopa mashine.

Mwaka huu nimepata likizo, nikaenda nyumbani na beringi mpya, chujio na spana zangu. Mama amezeeka. Anabeba mihogo kichwani kwenda kusagiwa mbali, na moyo wangu haukuweza kuvumilia hilo. Lakini kaburi lile la uongo nililikuta limefagiliwa na kuzungushiwa mawe. Kila Ijumaa Mama husimama pale akakusomea Fatiha. Majirani wa sasa, wasioijua habari ya shangazi, wanaliita kaburi la mzee. Nikadhani ni uzee umemchanganya.

"Mama, hapa kuna injini," nikamwambia.

"Mimi najua. Mimi ndio nilifunga hiyo shuka." Akaokota jani kavu juu ya kaburi. "Lakini baba yako, kaburi yake ingine iko wapi?"

Mama akakaa chini, akasema, "Chimba, kama unataka."

Nilichimba. Jembe lilipogusa shuka, harufu ya grisi ikapanda juu, ileile ya ovaroli yako ulipokuwa unaingia nyumbani jioni. Mama aliisikia pale alipokaa. Akajifunika uso kwa ncha ya leso.

"Yeye iko hapa," akasema.

Nilipapasa chini ya shuka. Gurudumu lilikuwa laini, halikuliwa na kutu. Ulifanya kazi safi, Baba. Ile injini ingewaka, naapa. Ilikosa kitu kimoja tu, hendeli, na mchomeleaji yeyote wa mjini Arua angenitengenezea nyingine kabla ya adhuhuri.

Sikwenda Arua. Nilirudishia udongo, Mama akaukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, tukakusomea Fatiha pamoja. Maishani mwangu sijawahi kuiacha mashine nzima bila kuiwasha, na bado mikono inaniwasha. Mihogo ya Mama nitaitafutia njia nyingine.

Kufuli la injini ile ni lako, na ufunguo unao wewe. Nakukumbuka, Baba, kila ninapotia grisi. Pumzika pande zote mbili za mpaka.

Ni mimi binti yako, mwenye kijiti sikioni.