Mama Mkwe Amefunga Kugombeza

Kishanda, Muleba
Majilio, juma la tatu

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia "milele, amina" kwa sauti, na Ditriki anayekusomea ameshacheka. Magoti yako yanaendeleaje na mvua za huko Mbinga? Sisi tu wazima. Ndizi tunazo hadi nimesahau ladha ya ugali. Mume wangu Deo anafundisha, nami nafundisha, na jioni sote tunapalilia shamba la kijiji, maana balozi wetu wa nyumba kumi hajali kama una chaki mikononi.

Uliniuliza kama mama mkwe ananitesa. Ningefurahi, mama! Huyu ni mgombezaji hodari. Humgombeza Deo, huwagombeza mashemeji zangu na mbuzi, na siku moja nilimsikia akiigombeza mvua kwa kuchelewa. Lakini mimi, tangu niolewe, hajanigusa hata kwa neno. Kila asubuhi ananiletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani, kama wanavyopewa wageni huku, na kuniambia kwa neno lao la heshima, "Karibu, waitu mwalimu." Mwanzoni nilijiona malkia. Baadaye nikaelewa kwamba anayegombezwa katika nyumba hii ni mtoto wa nyumba, na mimi ni mgeni aliyechelewa kuondoka. Nimelia sana chumbani, sikufichi.

Basi Majilio yakaja. Katekista akatuambia kila mmoja aache kitu anachokipenda, ili Mtoto Yesu akute moyo umefagiliwa. Deo akaacha sukari, ambayo duka la kijiji halijaiona tangu mavuno ya kahawa. Balozi akaacha lubisi, pombe yao ya ndizi, isipokuwa ya kuonja. Mama mkwe akasimama mbele ya watu wote akasema, "Mimi naacha kugombeza." Kanisa zima likaguna. Mimi moyo ukaniishia. Hata ile bahati ndogo ya kukosea mbele yake ilikuwa imefungwa hadi Krismasi.

Laiti ungemwona! Mbuzi akila mgomba, mama mkwe anafumba macho na kusali Salamu Maria. Deo alipovunja chungu, alinyanyua kidole, akakumbuka, akakishusha taratibu na kujikuna sikio. Shemeji mdogo akaanza kuchelewa kisimani kwa makusudi. Nyumba ikapoa, wote tukawa wageni.

Ndipo senene walipoanguka. Ni panzi wanaokuja kwa makundi wakati wa mvua, na Wahaya wanawapenda kuliko nyama. Wanawake huwaokota alfajiri wakiwa wamelowa umande, mke akampikia mumewe, na mume akashukuru kwa kitenge. Watu walimwuliza katekista kama ni nyama, maana wengi walikuwa wameiacha. Akafikiri sana, akajibu, "Senene si nyama. Senene ni senene." Kila mtu akaisifu elimu yake.

Jumapili nikaamka mapema, nikaokota kikapu kizima kwenye nyasi za njia ya kanisani. Kosa langu, mama, lilikuwa la Kimatengo. Nilidhani wako kama kumbikumbi wetu, ambao wakishatua mbawa zinadondoka zenyewe. Nikafunika kikapu kwa kitambaa cha kichwa, nikakiweka chini ya benchi, nikasali kwa amani. Jua likapanda, kanisa likapata joto. Padre alikuwa anatuhimiza tukeshe kwa kuwa hatuijui saa, na saa ikafika: waliruka wote. Mmoja akatua kwenye kitabu cha padre, wengine kwenye vilemba vya wanakwaya. Balozi akatangaza kwamba senene wa kanisani ni mali ya kijiji, katekista akasema hapana, ni sadaka.

Mama mkwe akasimama. Alianza Salamu Maria, akafika katikati, ikamshinda.

"Mawe, mama wee! Kanisia! Senene anafunikwa kama maandazi? Mbona hukuwanyonyoa mbawa, mvivu wewe? Mdomo wa kufundisha watoto wa watu unao, wa kuuliza huna! Hivi ndivyo nilivyokulea?"

Usikasirike, mama, najua nani alinilea. Lakini nilisimama pale, senene wamenijaa nyweleni, nikalia kwa furaha. Wanakwaya walidhani natubu.

Misa ilipokwisha alibaki kuungama, kwa kuwa alikuwa amevunja ahadi yake mbele ya altare. Aliporudi nikamwuliza padre amempa malipizi gani.

"Hakunipa. Aliniuliza nimemgombeza nani. Nikamwambia, binti yangu. Akasema kumgombeza binti si kuvunja Majilio, ni malezi. Sasa ondoka hapo, umesimama kwenye moshi kama huna macho."

Basi wengine wote nyumbani wanasubiri Krismasi. Mimi peke yangu ndiye nagombezwa, kwa chumvi, kwa kuni, kwa ninavyomenya ndizi. Kisahani cha kahawa hakiji tena. Nikitaka nikachote mwenyewe, ameniambia, miguu ninayo.

Nisalimie baba, na shangazi aliyesema sitafika mwaka huku. Dada mkubwa mwambie kitenge nimepata, cha maua mekundu. Mama mkwe naye anakusalimu. Yuko mlangoni, anauliza ni barua gani hii isiyokwisha na maharage yanaungua.

Ngoja nikimbie, mama. Naitwa.

Mwanao, na wa huyu pia,
Kanisia